Rafiki yangu anataka tupande mlima wa theluji kwa siku moja: je, nikubali?

Mwana wa Vitongoji (mwenye mada)

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Inshaallah katikati ya mwezi wa Januari nitaondoka hapa Pemba kwenda Uskoti kwa muda wa wiki tatu, kumtembelea rafiki yangu ambaye tulisoma pamoja skuli ya Fidel Castro na ambaye sasa anafanya kazi mjini Aberdeen. Katika miaka yake minne ya kuishi huko ameingiwa na mapenzi ya milima, na kila Jumamosi hunitumia picha akiwa kileleni, ndevu zimemganda utadhani alikuwa akikuna nazi huku upepo unamvumia usoni.

Safari hii ameshanipangia. Siku ya nne baada ya kufika kwangu tutaondoka Aberdeen usiku, tutaegesha gari Coire Cas, tutapanda Cairn Gorm ambao una mita 1,245, kisha tutaendelea kwa miguu juu ya uwanda hadi Ben Macdui wenye mita 1,309, mlima wa pili kwa urefu katika visiwa vyote vya Uingereza baada ya Ben Nevis, na tutarudi garini siku hiyo hiyo. Anasema ni kilomita 17 hivi, na kwamba mtu aliyekulia katika vilima vya mikarafuu hashindwi na mwendo huo.

Mimi theluji sijapata kuiona isipokuwa ile inayoganda ndani ya friza. Mahali pa juu kabisa nilipopata kusimama ni Masingini kule Unguja, ambapo ni mita 120 tu hivi kutoka usawa wa bahari, na hapo nilifika kwa gari. Ningependa kujua kutoka kwa waliowahi kuishi huko: je, mpango huu ni wa busara kwa mtu kama mimi? Nguo nitafute hapa Zanzibar au nisubiri huko? Na sala za Adhuhuri na Alasiri hupatikanaje katika mazingira kama hayo? Sitaki kumvunja moyo rafiki yangu, lakini pia sitaki mama yangu apigiwe simu na watu asiowajua.

Bi Mkubwa wa Mlandege

Waalaykum salaam mwanangu. Mimi nimeishi Inverness miaka tisa pamoja na marehemu mume wangu, na milima hiyo unayoitaja nimeipanda wakati wa kiangazi na wakati wa baridi, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu na unisamehe.

Rafiki yako amekupimia mwendo kwa kilomita, na hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu mlima wa wakati wa baridi hupimwa kwa mwanga. Katikati ya Januari jua huchomoza huko karibu na saa tatu kasorobo asubuhi na huzama karibu na saa kumi alasiri, na hata adhuhuri halipandi juu bali linapita chini chini, likikupiga machoni mchana kutwa. Sisi saa zetu tunazihesabu tangu jua linapochomoza. Huko saa moja asubuhi bado ni usiku wenye nyota. Basi mna saa saba na kidogo za mwanga. Kilomita 17 mtu mzima mwenye mazoezi anaweza kuzimaliza ndani ya muda huo katika njia kavu, lakini theluji laini inayofika magotini huufanya mwendo kuwa nusu yake, na wewe ndiyo kwanza utakuwa unajifunza kutembea upya kama mtoto.

La pili ni upepo. Joto hupungua kwa nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kijijini Aviemore kukiwa na nyuzi tatu, kileleni kutakuwa na nyuzi tatu au nne chini ya sifuri, jambo ambalo koti zuri linaliweza. Lakini ukivuma upepo wa kilomita 50 kwa saa, ambao kule juu ni wa kawaida kabisa, mwili utaihisi hali hiyo kama nyuzi 13 chini ya sifuri. Juu ya Cairn Gorm kuna kituo cha kupimia hali ya hewa, na mwezi wa Machi mwaka 1986 kilipima mvumo mmoja wa upepo uliofikia maili 173 kwa saa, yaani kilomita 278. Sikuambii kwamba utakutana na huo. Nakuambia kwamba uwanda ule uko wazi pande zote, hauna mti wala ukuta, na upepo ukikukuta katikati yake huna pa kujibanza.

La tatu ndilo linalowaua hata wenyeji. Upepo huichukua theluji upande mmoja wa mlima na kuilundika upande wa pili, ule uliokingwa, na lundo hilo jipya halishikamani na theluji ya zamani iliyo chini yake. Mteremko ukiwa na mwinamo wa baina ya digrii 30 na 45, uzito wa mtu mmoja unatosha kulitenganisha lundo hilo likaporomoka lote. Juu ya kingo za magenge upepo huohuo hutengeneza upenu wa theluji unaoning'inia hewani bila ya kitu chini yake, na anayetembea juu yake huona kwamba yuko ardhini. Iko idara huko inayoitwa Scottish Avalanche Information Service, ambayo katika msimu wa baridi hutoa kila jioni taarifa ya hatari ya maporomoko ya kesho yake kwa maeneo sita, na Cairngorm ya kaskazini ni mojawapo. Muulize rafiki yako kama huisoma. Akikujibu kwamba huisoma kila mara, mshukuru Mungu; akikujibu kwamba yeye huutazama mlima kwa macho, basi kaeni Aberdeen mle samaki.

Na ukungu nao. Wingu likishuka juu ya theluji, ardhi na mbingu huwa rangi moja, hujui kama hatua yako inayofuata inapanda au inashuka, na wako watu wanaopatwa na kizunguzungu wakiwa wamesimama. Hapo simu haitoshi, maana betri hufa kwa baridi upesi mno. Inatakiwa ramani ya karatasi, dira, na mtu anayejua kuhesabu hatua zake.

Kuhusu nguo, pamba usivae hata fulana ya ndani. Pamba ikilowa jasho haikauki, na ukisimama kupumzika jasho hilo hugeuka baridi mwilini. Vaa sufu au vitambaa vya kisasa vinavyokauka haraka, tabaka juu ya tabaka, na juu kabisa koti na suruali visivyopitisha upepo wala maji. Katika mitumba ya Darajani makoti mazuri yanapatikana kwa bei ndogo kuliko huko, ukiwa na subira ya kuchagua. Glovu chukua jozi mbili, kwa sababu mimi moja ilipeperushwa nilipoivua ili nifungue kashata, na kashata yenyewe ilikuwa ngumu kama jiwe. Viatu, shoka la barafu na kramponi, yaani vile vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya viatu, usinunue. Maduka ya Aviemore hukodisha. Lakini viatu viwe na soli ngumu, kwa sababu kramponi hazikai kwenye soli inayopinda. Na ujue kwamba shoka la barafu si mkongojo. Kazi yake kubwa ni kujizuia pale unapokuwa umeshaanza kuteleza, na hilo halisomwi kwenye maandishi. Hufundishwa juu ya mteremko mfupi usio na mawe chini yake, tena na tena, hadi mwili utende kabla ya akili. Glenmore Lodge, kituo cha kufundishia mambo ya milimani, wana mafunzo hayo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: nenda, ila usiende Ben Macdui. Mwambie akupeleke Meall a' Bhuachaille, ambao maana yake ni kilima cha mchungaji. Una mita 810, unaanzia Glenmore msituni, njiani mtapita kwenye ziwa dogo la kijani linaloitwa An Lochan Uaine, kisha kwenye kibanda cha mawe cha Ryvoan ambacho hakina mlinzi wala kufuli na kila mpita njia anaweza kuingia, halafu ndipo kupanda kunakoanza. Theluji utaiona mpaka ukinai. Hapo Glenmore wako pia kulungu wa nchi za baridi walioletwa kutoka Sweden mwaka 1952, na ukibahatika utawakuta wanajichungia wenyewe.

Mpanda Kibo

Kwa heshima zote kwa Bi Mkubwa, naona kijana anatishwa kupita kiasi. Mimi ni mzaliwa wa Makunduchi na mwaka 2017 nilifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, bila ya kuwa na mazoezi yoyote zaidi ya mpira wa jioni. Kama Mswahili anaweza kufika huko, vipi ashindwe na kilima cha mita elfu moja na kitu, ambacho ni chini hata ya geti la Marangu?

Bi Mkubwa wa Mlandege

Mwanangu, hongera kwa Kibo, na wala sisemi kwa kejeli. Lakini jiulize ulipandaje. Kilimanjaro huruhusiwi kuingia bila ya kiongozi mwenye leseni. Ulikuwa na wapagazi, ulikuwa na mpishi, ulilala njiani usiku kadhaa, na jua lilikaa mbinguni saa 12 kila siku. Adui yako kule alikuwa uhaba wa hewa, na yuko mtu aliyelipwa akuangalie uso na kukurudisha ukianza kupepesuka.

Uskoti hakuna geti. Sheria yao ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea mlimani, halipi, haandikishwi, haulizwi amevaa nini. Ni sheria nzuri na mimi niliipenda sana, lakini maana yake ni kwamba hakuna atakayekuzuia unapokosea. Novemba mwaka 1971 kundi la wanafunzi wa skuli lilikwama juu ya uwanda huohuo ambao kijana wetu anataka kuuvuka, dhoruba ikawaweka nje usiku mbili, na wanafunzi watano pamoja na kiongozi msaidizi wao wakafariki. Hawakuwa mbali na kibanda walichokuwa wakikitafuta.

Nahodha wa Mkoani

Mimi theluji siijui na sitajifanya kuijua. Nimevuka mkondo wa Pemba kwa miaka thelathini na mbili, na nilipokuwa nikisoma maneno ya Bi Mkubwa kuhusu geti nilitikisa kichwa, maana bahari nayo haina geti.

Neno langu ni la urafiki. Watu wawili wanaopendana wakiwa chomboni, kila mmoja huona haya kuwa wa kwanza kusema turudi. Mkubwa anaogopa kuonekana ameshindwa, mdogo anaogopa kuonekana mwoga, na huku mawingu yanakusanyika wote wawili wanasifu hali ya hewa. Sisi tulikuwa tukikata shauri pwani, kabla ya kutweka tanga: jua likifika pahala fulani na hatujakiona kisiwa fulani, tunageuza, na wala hapaulizwi kwa nini. Basi na nyinyi kubalianeni saa nyumbani, mkiwa mnakunywa chai na miguu ina joto. Ikifika saa hiyo, popote mlipo, hata kilele kiwe mbele ya pua, mmegeuka. Tena saa hiyo itaje wewe mgeni, si yeye, kwa sababu yeye mlima umeshamzoesha. Wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini hawakusema kwamba marejeo hayo huja yenyewe.

Jambo jingine: acheni habari kwa mtu wa tatu, mnakwenda wapi, mnapita njia ipi, na ikifika saa ngapi hamjapiga simu aanze kuuliza.

Bi Mkubwa wa Mlandege

Nahodha amenikumbusha. Wakipatwa na jambo wapige 999, waombe polisi, kisha waombe kikosi cha uokozi mlimani. Ni watu wa kujitolea na hawatozi kitu. Kama simu haishiki, ni mbinja sita za firimbi ndani ya dakika moja, kunyamaza dakika moja, kisha kurudia. Na tochi ya kufunga kichwani kila mmoja awe na yake, hata kama wanatarajia kushuka mchana.

Maalim wa Wete

Nijibu lile la sala, maana naona limepitwa.

Kutoka Aberdeen hadi Glenmore ni mbali kuliko masafa ya safari yanayotajwa katika madhehebu yetu ya Shafi, kwa hiyo siku hiyo nyote wawili ni wasafiri, mwenyeji na mgeni, na mnaruhusiwa kupunguza na kujumuisha. Nalitaja hili kwa sababu katika Januari ya huko baina ya Adhuhuri na Alasiri hakuna hata saa moja na nusu, na kuivua mizigo mara mbili katika upepo ni taabu isiyo na sababu. Mkitaka kuichelewesha Adhuhuri muisali pamoja na Alasiri, wekeni nia hiyo kabla wakati wa Adhuhuri haujatoka.

Viatu vya mlimani vinavyofunika vifundo vya miguu, vilivyo safi, vyenye kuzuia maji na vyenye kufaa kwa mwendo, vinaingia katika hukumu ya khuffu, yaani viatu ambavyo wakati wa kutawadha hupanguswa juu yake badala ya kuosha miguu. Tawadha nyumbani udhu kamili, ndipo uvivae. Baada ya hapo msafiri anapangusa juu yake kwa siku tatu na usiku wake, maadamu hajavivua. Na Kibla: sisi huku tumezoea kuelekea kaskazini, ila huko ni kusini-mashariki. Dira mnayo, na kwa maneno ya Bi Mkubwa si pambo.

Mwana wa Vitongoji (mwenye mada)

Assalaam alaykum tena. Naandika kutoka Aberdeen, vidole vyote kumi vikiwepo.

Nilimsomea rafiki yangu majibu yenu. Kwanza alicheka, kisha alipofika kwenye neno la Nahodha alinyamaza, na jioni ya kuamkia safari akafungua taarifa ya maporomoko mbele yangu. Upepo ulikuwa wa kusini-magharibi, miteremko inayotazama kaskazini na mashariki ilikuwa imelundikwa theluji mpya, na hatari ilikuwa daraja la tatu katika matano. Ben Macdui akaifuta mwenyewe. Saa ya kugeuka niliitaja mimi: saa saba mchana.

Tulianza Glenmore saa tatu asubuhi, ndiyo kwanza kumepambazuka. Msituni hapakuwa na upepo kabisa, na kilichonishangaza zaidi ya baridi ni ukimya, kwa sababu theluji hunyonya sauti hata unajisikia pumzi zako kama za mtu mwingine anayekufuata. Ziwa la kijani lilikuwa limeganda kingo zake, katikati maji yana rangi ya jani la mgomba mchanga. Pale kibandani Ryvoan tulikunywa chai ya tangawizi na kula tende, na hapo nikamwelewa Bi Mkubwa kuhusu jasho: nilikuwa nimevaa kama ninayekwenda mwezini na mgongo wote umelowa. Nikavua tabaka moja ndipo tukapanda.

Kupanda kwenyewe kulinichosha kuliko nilivyotarajia. Hatua moja inashika, ya pili inazama hadi gotini, na huwezi kujua mapema ni ipi. Karibu na kilele tuliingia wingu na ule weupe ukatufunika. Nilisimama nikidhani nimesimama wima, kumbe nimeinama; rafiki yangu ndiye aliyenishika mkono. Tulifika kwenye kizingo cha mawe cha kileleni saa sita na dakika arubaini, tukajibanza ndani yake, na sikuona chochote isipokuwa glovu zangu. Hakuna picha ya maana. Tukaweka nia ya kuchelewesha sala na tukashuka upande wa magharibi.

Tulipokuwa tunakaribia msitu wingu likafunguka kwa muda wa dakika kumi labda. Chini yetu lilikuwapo ziwa la Loch Morlich, jeusi, na ng'ambo yake ule uwanda wa Cairn Gorm wote, kila genge limechorwa. Kutoka kwenye ukingo wake theluji ilikuwa inapeperuka kuelekea upande wetu, mkia mrefu mweupe, mfano wa moshi wa tanuri la chokaa siku ya kusi. Rafiki yangu alisimama akautazama kimya, kisha akanionesha kwa mkongojo mahali ambapo kwa mpango wake wa kwanza tungekuwa saa ile. Sikumwambia neno. Tulisali pembeni ya miti, viatu miguuni, na kabla ya saa tisa tulikuwa garini.

Maalim, Kibla kilipatikana. Bi Mkubwa, kulungu hatukuwaona, ila alama za kwato zao tuliziona njiani. Glovu nilizochagua Darajani hazikufaa hata kidogo, zililowa kabla ya saa tano, na nimeshanunua nyingine, kwa sababu zimebaki wiki mbili na yeye tangu jana usiku ameitandika ramani juu ya meza ya kulia chakula na hataki tuiondoe.